Mwezi Uliosimama Kisesa

Watu wengi wa Mwanza walimfahamu Gosbert Kahigwa kwa mgongo. Ndivyo alivyoonekana miaka ile: yuko juu ya ngazi, uso kaupa ukuta, shati limelowa katikati ya mabega, mkono wa kulia unakwenda polepole kana kwamba unampapasa mnyama aliyelala. Azimio la Arusha lilikuwa limepita na mji ulikuwa unabadili majina. Duka lililokuwa na jina la tajiri na wanawe sasa lilikuwa la ushirika. Ghala lilikuwa la umma. Ofisi ya chama ilitaka mwenge wake uonekane tangu barabarani. Mtu wa kufuta majina ya zamani na kuandika mapya hakukosa kazi, na Gosbert alikuwa na mkono ulionyooka. Herufi zake hazikupanda wala kushuka.

Herufi lakini hakuzipenda. Alizichora kama mtu anavyopalilia shamba la mwingine. Alichokipenda kilikuwa ndani, katika chumba alichopanga Mirongo, kwenye vipande vya kitambaa cha marekani alivyovipaka uji wa muhogo ili vishike rangi. Humo alichora mbingu. Si ile ya kanisani yenye malaika na mawingu ya waridi. Mbingu yenyewe: Zohali na pete yake, Mshitarii na michirizi yake, mwezi na makovu yake, vyote vikielea katika giza ambalo hakulipaka rangi nyeusi tupu. Alilichanganyia bluu kidogo, na masizi ya kibatari, mpaka likawa na kina kama maji ya ziwa mbali na ufuko.

Mapenzi hayo aliyatoa kwao Kamachumu, upande wa Bukoba, nchi ya Wahaya na migomba, alikokulia karibu na misheni. Padri mmoja mzee, alipokuwa anafungasha kurudi Ulaya, alimpa kitabu cha picha za anga kilichotoka jalada. Maandishi yake Gosbert hakuyaelewa. Picha alizielewa zote. Alipopanda meli kuja Mwanza kutafuta kazi, kitabu hicho kilikuwa ndani ya sanduku pamoja na shati la pili.

Wateja waliokuja kuagiza vibao walisimama mlangoni wakishangaa.

"Hiki nini, fundi?"

"Mshitarii. Ni sayari kubwa kuliko zote."

"Nani anakaa huko?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unawachorea akina nani?"

Gosbert alicheka pamoja nao, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Hakuna aliyewahi kumwomba mbingu. Walimwomba bei za sukari, nembo ya ushirika, MLANGO WA KUINGILIA. Mkewe Celestina, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo huko Nyakato na kurudi jioni nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele, alikuwa akimletea vipande vya kitambaa vya daraja la pili walivyouziwa wafanyakazi. Hakumkataza. Ila siku moja, akivua viatu, alimwuliza, "Baba Jovitha, ukichora hivi mpaka tuzeeke, na asije hata mmoja kuuliza, utafanyaje?"

"Nitazeeka nikichora."

"Utadanganya. Nakuona unavyoutazama mlango."

Alikuwa amemwona sawasawa. Gosbert alikuwa anamngoja mtu mmoja, yeyote, aingie na kusema: nichoree mbingu.

Mtu huyo aliingia asubuhi moja ya mwaka sabini, kabla ya mavuno ya pamba. Alikuwa mrefu, kavaa koti zito la mitumba na kofia ya manyoya ya mbuzi, na alilazimika kuinama kuupita mlango.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka," akajibu Gosbert.

Mgeni akacheka. "Mhaya anajibu vizuri. Nani kakufundisha?"

"Njaa. Wateja wangu wote ni Wasukuma."

Mgeni huyo aliitwa Shimba, na alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa upande wa Bagika. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno hukutana uwanja mmoja, kila chama upande wake, wakicheza kwa wakati mmoja. Hakuna majaji. Watazamaji wanahama huku na huko wanavyovutwa, na jua linapoinama, upande wenye watu ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila manju hutafuta cha kuwavuta: wimbo mkali, dawa, nyoka, sanamu linalotikisa kichwa. Ushindi au aibu ya siku hiyo watu huishi nayo mwaka mzima.

"Chenge wa Bagalu ana chatu," alisema Shimba akiwa amekaa juu ya debe la rangi. "Watu wanamkimbilia chatu. Mimi ninaimba mpaka koo linakauka, wao wako kwa chatu. Sasa, redio ilisema watu wamekanyaga mwezi. Huko kwetu hadi leo hakuna kinachoongelewa ila hicho. Baba amekataa kabisa kuamini. Mama anauliza kama walivua viatu. Nikasema, basi, mimi nataka mwezi wenyewe uwe uwanjani kwangu, mkubwa kuliko nyumba. Wakanielekeza kwako, Gosibeti. Unauweza?"

Gosbert aliweka brashi chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Mzima au mchanga?"

"Mchanga. Mzima utafanana na sinia."

Alifanya kazi ile kama mtu aliyetolewa kifungoni. Celestina alimshonea vipande vya kitambaa mpaka vikawa tanga, naye akalitandaza uani, akafungua kitabu cha padri mahali palipokuwa na mwezi mchanga. Aliunakili bila kukosea ukingo: mwembamba, mweupe, umesimama wima, ncha moja juu na nyingine chini, tumbo limetokeza upande. Akaweka makovu yake kila moja mahali pake. Akapaka giza lake la bluu na masizi. Majirani walikuja kuangalia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza nani anakaa huko. Walinyamaza tu, na Gosbert akaona ukimya huo ni malipo tosha.

Siku ya ngoma, huko Kisesa, mashariki ya Mwanza, walilitundika tanga kati ya miti miwili nyuma ya ngoma za Shimba. Bado lilikuwa limefunikwa. Uwanja ulijaa watu waliokuja kwa baiskeli, kwa miguu, juu ya malori ya pamba. Shimba alipandisha wimbo, akainua mkono, vijana wakavuta kamba, pazia likaanguka. Watu wakapiga kelele. Umati uliokuwa kwa Bagalu ukaanza kumwagika kuja upande huu, wanawake wakikimbia wameshika vitenge vyao. Gosbert alikuwa amesimama pembeni na Celestina, mikono kifuani, hajui auweke wapi uso wake.

Ndipo Chenge aliponyamazisha ngoma zake. Alikuwa mtu mwembamba, na sauti yake ilikata kama msumeno. Aliuvuka uwanja polepole, chatu begani, akasimama mbele ya tanga. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akakiinamisha zaidi, mpaka kikakaribia kulala begani.

"Jamani Bagika," akasema. "Mwezi wenu una nini? Mbona umesimama? Nani kauamsha?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha watu kama kumi. Kila mtu pale uwanjani alikuwa amelelewa chini ya mwezi mchanga unaolala chali, pembe juu, kama pembe za ng'ombe anayekuja moja kwa moja mbele yako. Walikuwa wakiona kuna kitu hakiko sawa, ila walikuwa hawajakipatia jina. Chenge aliwapa jina.

"Haa! Nimeelewa. Kumbe kachora Mhaya! Msihangaike, jamani, huu si mwezi. Hii ndizi!"

Kicheko kilichofuata kilivuka uwanja mzima. Chenge, ambaye nyimbo zake zote zilikuwa za Kisukuma, alitunga huu wa Kiswahili papo hapo ili Mhaya mwenyewe asikose utamu wake:

"Mhaya kaanika ndizi,
Bagika wanaita mwezi!
Njooni kwetu kuna ugali,
kule wanangoja iive!"

Wakamfuata. Waliondoka wakiimba, wakicheza, wanawake wale wale na vitenge vyao, na upande wa Shimba ukabaki na ngoma, wachezaji, na wazee wachache ambao miguu yao haikuwaruhusu kuhama. Shimba alipiga mpaka jua likazama. Hakupunguza hata pigo moja. Kisha akaja alipokuwa Gosbert, akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Kitambaa chako kichukue."

Habari ilifika mjini kabla yao. Kuanzia wiki ile Gosbert aliitwa Fundi Ndizi. Wauza samaki walimwita hivyo, makarani wa ushirika walimwita hivyo, na hata waliomheshimu walijikwaa kabla ya kutaja jina lake la kweli. "Fundi Ndizi, leo mkungu wa wapi?" Mwalimu mkuu wa shule moja ya Nyegezi, ambaye alikuwa ameanza kuzungumza naye habari ya kuchora jua na sayari ukutani darasani, alimwita akamwambia kwamba, baada ya kufikiri, jedwali la kuzidisha lingefaa zaidi. Gosbert alilichora. Herufi na tarakimu hazikupanda wala kushuka. Jioni ile alizitoa mbingu zote kwenye kuta za chumba chake. Celestina alizikunja moja moja, akaziweka chini ya godoro.

Kilichomuumiza hakikuwa kicheko. Alimwambia mkewe baadaye kwamba kicheko angekizoea, kama watu wanavyozoea kelele za mashine. Kilichomuumiza ni kwamba, usiku na mchana, alipojaribu kuukumbuka mwezi wa kwao, ule aliouona tangu utotoni juu ya migomba ya baba yake, hakuupata. Kila alipofumba macho alikuja ule wa kitabuni.

Baada ya mvua za kwanza, jioni moja yeye na Celestina walikwenda mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhushia samaki, kununua sato. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya upande wa Sengerema na maji yalikuwa na rangi ya chuma. Celestina alikuwa anabishana na muuzaji.

"Huyu samaki macho yake yameniangalia vibaya, mama, nipunguzie."

"Macho hayaliwi, mdogo wangu. Unanunua samaki au unamposa?"

Celestina akageuka kucheka na mumewe, akamkuta amempa kisogo. Alikuwa anatazama magharibi. Juu ya vilima, katika mwanga uliobaki, mwezi mchanga ulikuwa umelala chali.

Gosbert alikuwa mtu mzima, na mwezi huo ulikuwa umemtokea kila mwezi wa maisha yake. Alisimama pale kama mtu aliyetambulishwa kwa ndugu yake. Aliona kwamba umelala, na aliona mengine zaidi ambayo Chenge hakuyasema: kwamba ndani ya pembe zake, mahali anapodhani mtu ni giza tupu, mwili wote wa mwezi ulikuwepo, hafifu, rangi ya majivu, kama uso wa mtu nyuma ya chandarua. Na kwamba haukulala sawasawa kabisa. Uliegama kidogo, kama mtumbwi ambao mtu mmoja amekaa upande.

"Celestina," akasema. Mara chache sana alimwita kwa jina. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Kwamba unalala? Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia, ulipokuwa unashona?"

Celestina alifikiri, samaki mkononi. "Niliona umetoka kitabuni," akasema. "Nikadhani mwezi wa kitabuni ni mwingine."

Tangu siku hiyo Gosbert alikwenda ufukoni kila jioni iliyokuwa wazi. Alikuwa na jiwe lake, moja ya yale mawe makubwa ya Mwanza yanayokaa majini kama ng'ombe waliokuja kunywa, na akikaa hapo alichora alichokiona, kwa penseli, bila kukisahihisha. Aliona kwamba mtumbwi ule wa mbinguni hubadili mlalo wake kadiri mwaka unavyokwenda: kuna majira unaegama upande huu, kuna majira upande ule, na kati yake kuna majira unalala sawa kama bakuli lililowekwa mezani. Aliona jinsi weupe unavyopanda kutoka chini, jioni baada ya jioni, kama maji yanayojaa kisimani, mpaka mwezi unakuwa mzima.

Kitabu cha padri hakukichoma. Alikitazama upya, na polepole akaelewa kwamba hakikuwa kimesema uongo. Kilichorwa na mtu aliyesimama mahali pengine pa dunia, kaskazini sana, akainua uso na kuchora kilichokuwa mbele yake. Yule mtu alifanya kazi yake. Aliyeacha kuifanya alikuwa yeye, Gosbert, aliyekaa chini ya mbingu yake na kunakili ya mwenzake. Nimewaza mara nyingi juu ya jambo hili, jinsi ambavyo miaka ile sote tulikuwa tukifuta majina na kuandika mengine ukutani, na jinsi ilivyokuwa vigumu zaidi kuyafikia yaliyoandikwa nyuma ya jicho.

Pamba ilipoanza kupasuka tena, alipanda lori kwenda kwa Shimba, nje ya Kisesa. Alimkuta uani anachambua pamba pamoja na watu wa nyumbani kwake. Shimba alimwona, akaendelea kuchambua.

"Fundi Ndizi."

"Manju."

"Umeniletea mkungu?"

"Nimekuletea kibuyu."

Watu wakacheka. Gosbert hakucheka. Akatoa ndani ya mfuko kibuyu cha mviringo, alichokipaka nusu chokaa na nusu masizi. Akakishika kati ya viganja viwili, kimoja kila upande, sehemu nyeusi ikiwa imemwelekea Shimba. Akaanza kukizungusha taratibu, kama mtu anayechoma hindi juu ya makaa. Chini ya weusi ukatokea ukingo mweupe, mwembamba, umelala chali, pembe zake juu. Akazungusha. Ukingo ukanenepa, ukawa nusu, ukapanda, ukajaa, mpaka kibuyu chote kikawa cheupe.

Shimba alikuwa ameshika kitumba cha pamba, kakisahau.

"Zungusha tena," akasema.

Gosbert akazungusha tena. Mama yake Shimba, kikongwe ambaye alikuwa bado anasubiri kuelezwa habari za vile viatu, akanyanyuka akaja karibu.

"Ndio wenyewe," akasema. "Huu ni wa kwetu."

Shimba alikichukua kibuyu, akakizungusha mwenyewe, akakirudisha. "Mwaka mzima nimetembea kichwa chini kwa ajili yako. Unajua? Wajomba zangu wamehamia kwa Chenge. Wajomba zangu!"

"Najua, manju."

"Na bado unakuja kuniomba."

"Bado nakuja. Sitaki unilipe. Nataka nisimame pale pale, mbele ya watu wale wale."

"Sikiliza basi, Gosibeti. Ukiniaibisha mara ya pili sitakupiga, wala sitakutungia wimbo. Nitakusahau tu."

Kazi ya mara hii haikuwa ya kitambaa peke yake. Mfuma matenga wa Kisesa aliwafumia matenga mawili makubwa kupita kiasi, wakayaunganisha mdomo kwa mdomo, likawa tufe lenye kimo cha mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Celestina na wenzake wawili wa kiwandani walilivalisha ngozi ya kitambaa. Mti mrefu ulipita katikati yake, ukalazwa juu ya nguzo mbili, na kila mwisho ukawekwa mkono wa kuzungushia, kama wa kisima. Kisha Gosbert akabaki nalo peke yake. Nusu aliipaka mwezi, na makovu yake akayaweka yanavyoonekana kutoka kwenye jiwe la Kirumba. Nusu nyingine hakuipaka weusi. Aliipaka ile rangi ya majivu, hafifu, rangi ya uso nyuma ya chandarua.

Siku ilipofika, mwezi wa nane, uwanja ulijaa kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu wengi walikuja mahsusi kuiona ndizi. Chenge aliwafurahisha mapema. "Bagika! Mwaka huu imeiva? Tulete na nyama?" Bagalu wakaanza ule wimbo, na watu waliokuwa bado barabarani wakaupokea.

Pazia lilipoanguka, mwanzoni hapakuonekana kitu. Tufe tu, rangi ya majivu, mbele ya tanga lililopakwa giza la bluu. Wengine wakazomea. Shimba hakuwatazama. Alianza wimbo kwa sauti ya chini, na vijana wawili wakashika ile mikono ya kuzungushia, mmoja kushoto, mmoja kulia. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, chini ya tufe ulikuwa umelala mwezi mchanga.

Kuzomea kulikatika. Kelele hazikuja. Kilichokuja ni mnong'ono, kwa sababu watu walikuwa wanaambiana. Ubeti wa pili, ukanenepa. Watu walioona mwanzo walitaka kuona mwisho, na waliowaona wamesimama walikuja kuuliza wanangoja nini. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya kitu kile, na nadhani Shimba peke yake ndiye aliyeijua tangu pale uani: chatu unamtazama ukashiba, ukaondoka, lakini hakuna mtu anayeondoka mwezi ukiwa nusu.

Ulipofika nusu ukakwama. Kitambaa cha tufe kilikuwa kimenaswa kwenye nguzo. Vijana walisukuma, mti ukalia, tufe halikusogea. Celestina, aliyekuwa nyuma, alimwona mumewe akitumbukia chini ya tanga la bluu kwa magoti. Shimba aliona pia. Aliurudia ubeti ule ule. Akaurudia tena kwa sauti ya juu zaidi, ngoma zikizidi kukaza, uso wake haujabadilika, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa, na watu, kwa kudhani hivyo, wakaanza kuuimba pamoja naye, wakipiga makofi, wakiudai mwezi ukue. Chini huko Gosbert aliweka bega lake kwenye tenga, akachana kitambaa kwa meno, akasukuma.

Tufe likaruka mbele. Weupe ukapanda kwa mkupuo mmoja, ukajaa.

Waliokuwepo wanasema ngoma ya alasiri ile ilisikika hadi barabara ya Musoma. Sijui. Ninachojua ni kwamba upande wa pili wa uwanja walibaki wapiga ngoma na chatu, na baadaye chatu peke yake ndani ya tenga lake, kwa sababu hata mwenye chatu alikuwa amekuja huku. Chenge alisimama mbele ya mwezi ule muda mrefu, wachezaji wake wakiwa wamemzunguka. Aliinamisha kichwa kama mwaka jana. Safari hii alikirudisha.

Gosbert alitoka chini ya tanga, goti limechubuka, uso una chokaa. Watu walikuwa wanamtazama usoni, na wengi walishangaa kumwona ana ndevu.

"Shikamoo, Mzee Chenge."

"Marahaba." Chenge alimkagua kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye uliyechora na ule?"

"Ndiye mimi."

"Ule ulikuwa mbaya sana."

"Najua, mzee. Nilikuwa sijatazama."

Chenge akaguna. Akamshika mkono, akamsogeza kando, lakini sauti yake haikuwa ya kunong'ona. Hakuwa nayo sauti hiyo. "Sasa sikiliza. Siku hizi jioni kuna kitu chekundu kinachotoka upande wa mashariki. Kikubwa. Watu wangu wanakiogopa. Mwakani nakitaka."

"Huyu ni wangu!" akadakia Shimba, akiwa bado anahema. "Huyu ni wa Bagika!"

"Mhaya atakuwaje Bagika? Kwao hata pamba hakuna."

"Amekula kwangu!"

"Na ndizi zake nani alizitangaza bure mwaka mzima? Si mimi?"

Watu wakaangua kicheko, na Gosbert akacheka kuliko wote. Kisha akawaambia wazee wote wawili kwamba mbingu aliyoichora hakuikuta na upande, na kwamba yeye angemchorea kila atakayeomba. Shimba alikunja uso, akautafakari ushindi wake uliojaa uwanja mzima, akaona anaweza kuwa mkarimu. "Chekundu basi," akasema. "Lakini kisiwe kikubwa kuliko mwezi wangu."

"Kinaitwa Mirihi," alisema Gosbert kumwambia Chenge. "Nina picha yake kitabuni. Lakini sitakuchorea ile. Nipe muda nikitazame."

Walirudi Mwanza na lori la pamba, wamekaa juu ya marobota, migongo kwa dereva. Vumbi lilikuwa linawafuata, na nyuma ya vumbi giza lilikuwa linaanza kupanda. Nyota ile nyekundu ilikuwa tayari juu ya vilima, pweke, imetulia.

"Ni nyekundu kweli?" Gosbert alimwuliza mkewe. "Usiniambie inavyosemwa. Niambie unavyoiona."

Celestina aliitazama. Alikuwa amechoka, na vidole vyake vilikuwa bado na alama za sindano. Lori lilipita mabonde mawili kabla hajasema.

"Nyekundu hapana. Ni kama kaa la moto ambalo limeanza kushika majivu."

"Rudia," akasema Gosbert, huku anajipapasa mifukoni akitafuta penseli.